Vifungo vya Kibuyu

Jumatatu, 7 Juni 1976

Baridi kali, upepo unaingia hadi chini ya blanketi. Kasimiri anaota jino, sikulala.

Mkutano wa akina mama leo. Cherehani ya kijiji imefika! Moja tu. Iko kwa Mzee Dominiko, mwenyekiti, imefunikwa shuka kama maiti. Kasema anayetaka kukabidhiwa alete Jumamosi nguo aliyoshona kwa mkono, kamati iangalie.

Nikanyoosha mkono. Bertilla naye kanyoosha, halafu kasema kwa sauti, wote wasikie: Mama Silvana ananyonyesha, atashona saa ngapi huyu, si atalalia kitambaa? Wakacheka. Nami nimecheka. Mkono sikuushusha.

Jumanne, 8 Juni

Nimekata blauzi ya shule ya Silvana. Kitambaa cheupe nilichokificha tangu Pasaka. Nimeshikiza mabega, nimeshona kola — imekaa! Nimeigeuza mara tatu kutafuta kosa.

Vifungo ndiyo shida. Mume wangu Flavian alipita Chala, dukani kwa Mwinjuma. Hakuna mpaka lori lije, na lori halijulikani. Bertilla kapita mlangoni, kaniuliza kama blauzi itafungwa kwa kamba kama mzigo wa kuni. Yeye anashona gauni la kupitisha kichwani, halina kifungo hata kimoja. Mjanja.

Nimekumbuka vibuyu vya mama. Ganda lake gumu, ukilikata linang'aa. Kesho nitakwenda mahame, kijijini kwetu kwa zamani.

Jumatano, 9 Juni

Nimetoka Silvana akiwa mbele, Kasimiri mgongoni. Kuchuma mboga kule hatukatazwi. Kilichokatazwa ni kurudi kukaa, maana mwaka jana nyumba mbili zilianza kurudi kimyakimya, kamati ikawaka.

Miaka miwili tu tangu malori yatutoe, na kijiji kimeliwa. Nyasi hadi kifuani. Nyumba zimekuwa vichuguu vya udongo. Ya baba mdogo imebaki ukuta mmoja na dirisha lake, ndani umeota mnyonyo. Silvana hakupatambua, kaniuliza nani alikaa hapa. Nikamwambia wewe ulizaliwa hapa. Akaniangalia kama namtania.

Tanuru la babu bado limesimama, lile la kuyeyushia chuma, refu kunipita. Zamani likiwaka mwanamke hakusogea karibu. Leo nimesogea, nimeingiza na kichwa. Ndani kumekucha — juu kuko wazi, mwanga unashuka. Na vibuyu! Mbegu za mama zimejiotea zenyewe, zimetambaa kutoka ukutani kwake hadi juu ya tanuru, vimekauka vinalia kama kayamba. Silvana kataka kuvisonta kwa kidole. Nikaukunja mkono wake, kama mama alivyokuwa akiukunja wangu. Ukisonta kibuyu kinaoza, ndivyo tulivyolelewa.

Kaburi la mama liko nyuma ya lilipokuwa jiko. Yeye hakuhama. Nimeng'oa nyasi, kisha nikakata matawi nikafagia uwanja wake, kutoka mlangoni hadi njiani. Sikupanga. Mtu anafikaje kwa mama yake akaondoka uwanja mchafu?

Alhamisi, 10 Juni

Vifungo sita. Nimekata kwa kisu, nimesugua juu ya jiwe hadi vikawa duara, nimetoboa kwa shazia iliyopata moto, ile sindano ya magunia. Nimepaka mafuta ya nyonyo. Rangi ya asali. Kidole kimeungua, Kasimiri kalia nusu ya kutwa, ugali umeungua pia.

Ni vizuri. Naandika hapa kwa kuwa hakuna wa kunisikia nikijisifu: ni vizuri sana.

Ijumaa, 11 Juni

Clemens wa mgambo kapita nyumba kwa nyumba. Kuna uwanja umefagiwa mahame. Uwanja uliofagiwa una mwenyewe, kasema, kuna mtu anahamia, na kamati itamjua.

Flavian kaniangalia. Ni wewe? Ni mimi. Kafunga mlango. Kisha akasema toa hivyo vifungo, weka kamba, Jumamosi ipite. Watakuuliza vimetoka wapi.

Sikutoa.

Jumamosi, 12 Juni

Nguo tano mezani. Gauni la Bertilla zuri, sikatai, ila pindo linapanda upande mmoja. Mzee Dominiko kashika blauzi yangu. Kafungua kifungo, kafunga, kafungua tena. Akina mama wakaisogelea. Bi Albina, mkubwa wetu, kaipeleka puani.

"Mama Silvana, vifungo hivi umepata wapi?"

Nikamwamkia kwanza, shikamoo Mzee, nipate pumzi. Nikasema ni vibuyu vya mama yangu, nimevichuma mahame. Clemens akainuka: "Na aliyefagia?" Ningeweza kusema sijui. Silvana alikuwa amesimama pale anasikia.

"Nimefagia mimi, shemeji. Sihamii. Kaburi la mama liko pale. Wewe kwa mama yako ungepita tu?"

Akaketi. Mzee Dominiko kasema mali ya kijiji hapewi mtu mwenye mguu mmoja huku, mmoja kule. Nikamwambia miguu yangu yote iko hapa, nimelima shamba la kijiji na mtoto mgongoni, aulize yeyote.

Kamati imeingia ndani na blauzi. Haikutoka na jibu. Watakaa tena kesho baada ya misa. Wamesema kwa sasa mtu yeyote asikanyage mahame.

Njiani Bi Albina kanivuta khanga. Kaniuliza, ule ukuta wa mawe wa kwao, bado upo? Upo, bibi. Mwingine akaniuliza kisima. Mwingine mti wa matunda wa bibi yake. Nimefika nyumbani mboga zimenyauka, kila mtu alikuwa na kwao pa kuulizia.

Jumapili, 13 Juni

Misa ya kwanza imekwisha. Kamati inakaa baada ya misa ya pili. Mzee Dominiko kanipita pale nje ya kanisa, kasema polepole blauzi ni safi, nitulie tu nyumbani leo, nisiharibu.

Nilikuwa nimetulia. Bertilla kaja. Nikajua kaja kunicheka. Kasimama, kaitazama miguu yake, kaniuliza kama nilipita kwao, karibu na tanuru. Nilipita. Kaburi la mama yake lina nyasi kiunoni, panya wamelichimba ubavuni. Nilitaka kumwambia liko salama. Nimemwambia lilivyo.

Kalia kidogo, kajifuta. Hajui tena njia, kasema, aliolewa upande wa pili miaka mingi kabla ya malori. "Nipeleke, dada. Sasa hivi, wakiwa misani."

"Unajua nitakosa cherehani."

"Najua. Na mimi pia nitakosa."

Yuko mlangoni na jembe. Nimemwambia angoje nimalize mstari huu. Silvana anamfunga Kasimiri mgongoni kwangu, kamba ya khanga anaikaza kwa nguvu zake zote.