Binti wa Chumbani kwa Enock

Samuye,
Shinyanga.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Violeth,

Mwangaluka, mdogo wangu. Hamjambo wewe na shemeji huko Songea? Baridi imewaachia? Sisi wazima. Mama yetu anakula vizuri, ila magoti bado yanamsumbua.

Wabeja sana kwa laptopu. Ilifika salama, na fundi wa mjini akaiwekea programu ya kusoma skrini kwa sauti, tena kwa Kiswahili. Tangu ule mlipuko wa shimo la dhahabu kule Rwamgasa umchukulie Enock macho, watu walishamhesabu kuwa mtu wa kukaa mlangoni na kusalimia wapita njia. Waje wamwone sasa. Vidole vinakimbia kwenye vitufe, anaruka kutoka kichwa cha habari hadi kingine, habari anazijua kabla mwenyekiti wa kijiji hajafungulia redio. Huyo nilimzaa mimi.

Mama alituchekesha. Alisikia sauti ya kike chumbani kwa Enock, akavuta kigoda mlangoni, akauliza binti ni wa ukoo gani na kwa nini ameingia humu hata ng'ombe mmoja hajatoka. Sauti ikaendelea na bei ya pamba. Mama akasema hana adabu, haamkii wakubwa.

Basi, mwezi uliopita chuo cha ualimu alichoomba Enock kikamjibu kwa baruapepe. Sauti ikasema "picha", ikanyamaza. Kumbe barua yenyewe waliipiga picha, na binti yule picha hasomi. Enock akabonyeza tena na tena, ikawa "picha" ile ile. Nikamwambia nimsomee, darasa langu la saba linatosha. Akakataa.

"Mama, ukinisomea hii, huko chuoni atanisomea nani?"

Akawaandikia mwenyewe, bila kuniuliza hata herufi, waitume kwa maneno. Tukangoja. Chakula akawa anakigusagusa tu, nami najifanya sioni.

Jibu lilipoingia alituita wote. Sauti ikasoma taratibu: Enock Masele, umechaguliwa. Nililia mpaka jirani akaja kutoa pole.

Mama akaiegemea fimbo yake. "Binti huyu nimemkubali," akasema. "Alipiwe."

Sasa mdogo wangu, binti ametoka kwako, kwa hiyo mahari ni yako. Njoo Desemba, mbuzi tumeshamfunga. Na ukituma picha za watoto, andika na maneno, Enock naye awaone.

Nisalimie shemeji Pantaleo na mwanao Salome. Mungu akujazie mkono uliotupa.

Wako akupendaye,
dada yako Asteria, Mama Mwalimu