Taa Aliyoifunga Boga

Diani, 9 Juni 1998

Mdogo wangu Boga,

Mama amehama. Tangu Jumapili yuko Msambweni kwa nduguye, Khalati Ummi, na amesema mbele yangu kwamba harudi nyumbani maadamu taa yako inawaka. Wewe hakukwambia. Wewe alikwambia inapendeza.

Taa hiyo uliyomfungia ukutani, kuelekea baharini, ili wezi wasimsogelee, imemnyima usingizi tangu Idi. Jogoo anawika watu hawajalala. Vitoto vya kasa vikianguliwa pwani havishuki majini, vinafuata mwanga hadi jikoni. Asubuhi Mama huvizoa kwa beseni, vingi vimeshaliwa na siafu. Daktari amemwambia kizunguzungu chake ni cha kukosa usingizi.

"Basi izime, Mama," nikamwambia nilipomfuata huko Msambweni. "Swichi si iko pale nyuma ya mlango?"

"Nizime zawadi ya mwanangu, majirani wasemeje? Aizime mwenyewe aliyeiwasha."

Khalati akacheka. "Kwa hivyo umeikimbia nyumba kwa adabu!"

Mihogo imekubali na paa halivuji. Mimi ndiye niliyechoka, kubeba salamu za watu wawili wanaoogopa kuudhiana.

Huko Lunga Lunga uliko si mbali. Ijumaa tarehe 19, baada ya swala, Mama atakuja kuchukua kuku wake awahamishe nao. Uwe umefika kabla yake, na uizime taa hiyo huku anakutazama.

Dada yako,
Mwanapili