Maswali Mwishoni

Mdogo wangu wa pekee,

Huku tupo. Bomba la jikoni limetengenezwa, na paka wa jirani kazaa tena chini ya kitanda changu. Baba anakula vizuri.

Unauliza kama bado anakumbuka kazi yake ya makumbusho. Tena sana! Kila asubuhi anavaa koti na kofia, anashika mpini wa ufagio, ananitembeza sebuleni kama mgeni aliyekata tiketi. Kabati ndilo dinosaria Brakiosauri: "Miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, ndiyo maana anasimama kama twiga." Kochi ni Stegosauri, mabamba mgongoni, ubongo kiduchu. Meza ni Triseratopsi mwenye pembe tatu, na ole wako uiguse. Hakosei hata kidogo.

Juzi tulifika kwenye jokofu, yaani Tiranosauri. Akaniambia, "Meno kama ndizi, lakini mikono mifupi. Binti yangu humwonea huruma, eti hawezi kumkumbatia mwanawe."

Nilishindwa kujizuia. Nikasema, "Baba, binti yako ndiye mimi."

Akagonga sakafu kwa mpini, taratibu, kwa ule upole wake wa kazini. "Maswali mwishoni, mama."

Nikamfuata hadi mlangoni. Hapo akavua kofia. "Haya, mgeni wetu, una swali?"

Nikamuuliza Triseratopsi ana pembe ngapi. Alifurahi mno, mdogo wangu.

Njoo upesi. Ila uje na swali la dinosaria.

Dada yako,
mgeni wa kila asubuhi