Plasta Uliyonipigia Balkoni

Baba,

Ni mimi, Chebet. Mama anakuja kwangu hapa Kericho Jumamosi. Amesema hataki kuzungushwa mjini, anataka nimpeleke moja kwa moja kwenye balkoni akaone kazi yako ya mwisho. Mimi nimeketi hapo hapo kwenye balkoni nikikuandikia, na hiyo kazi haipo. Niliibomoa. Uliondoka bila kujua, na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Wacha nianze mwanzo, hukupenda mtu wa kurukaruka na maneno.

Ile wiki uliyokuja kwa kliniki ya presha, ulikuta balkoni ikiwa zege tupu. Ulisimama mlangoni na kofia mkononi, ukaangalia ukuta wa kijivu wenye vitundu, ukaangalia benchi iliyobaki na alama za mbao. Uliguna tu. Hukujua kwamba nilikuwa nimehangaika miezi miwili kuifanya iwe hivyo. Nilikwangua rangi yote ya landilodi, nikamwaga zege la benchi na la vyungu vya maua kwa mikono yangu. Mtindo wenyewe unaitwa brutalisti: zege linaachwa lilivyo, halilainishwi wala halipakwi kitu. Sisi wa kazi ya kupamba nyumba tunaupenda sana. Nilipaswa kukueleza hapo hapo mlangoni. Lakini niliona haya, Baba. Ningemwambiaje mtu aliyepiga plasta nusu ya nyumba za Chepseon kwamba mahali anapoona kazi ya nusu, binti yake anaona urembo? Nikakwambia chai iko kwa thamosi, nikaenda kazini.

Jioni nilipata umemaliza. Siku moja tu! Ulikuwa umeazima mwiko kwa mafundi wa jengo la jirani, ukapandisha simiti na mchanga hadi ghorofa ya tatu, na kifua chako hicho. Ukuta laini, benchi laini, vyungu umevipiga niru, ule uji wa simiti wa kumalizia, mpaka vinang'aa. Ulikuwa umesimama katikati, suruali imekunjwa, simiti imekukaukia kwenye nyusi, unatabasamu.

Wateja wangu walikuwa waje kesho yake kuliona lile zege. Sisemi hiyo ni sababu. Ulimi wangu unaujua. Nilisema, "Nani alikutuma? Umeniharibia kazi yangu yote, na wateja wanakuja kesho kuiona." Tena nilisema kwa sauti, mpaka mama wa mlango wa pili akachungulia.

Ulipangusa mikono kwenye suruali, polepole. Ukasema, "Chebet, nilidhani fundi wako amekutoroka."

Hukukasirika. Afadhali ungenifokea. Ulioga, ukala ugali kidogo, ukaniuliza kama hao wateja hawawezi kuonyeshwa kitu kingine. Asubuhi niliamka nikapata umeshaenda, na blanketi umelikunja.

Wiki iliyofuata nilichukua nyundo na tindo nikaanza kubandua. Plasta yako ilinikatalia, Baba. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja, ikanichukua siku tatu, mikono ikatoka malengelenge, na kuna mahali haikukubali kutoka ila pamoja na kipande cha ukuta. Nilikuwa bado nina vumbi kwa nywele ulipopiga simu kuuliza kama imeshika. Nikakwambia imeshika, haina ufa hata mmoja. Ulicheka, ukasema ukuta ukiloweshwa maji vizuri kwanza, hauna ukaidi. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kusikia sauti yako. Daktari anasema si simiti uliyobeba iliyokuua, ni moyo uliokuwa umechoka siku nyingi. Namwamini mchana tu.

Halafu matanga. Kila aliyenishika mkono alinitajia balkoni. Wazee uliokuwa ukijenga nao, akina mama wa kanisa, hata yule wa duka la mbolea. Nikashangaa wamejulia wapi. Mama ndiye alinieleza. Alisema ulifika nyumbani umechangamka, ukamwambia Chebet alifurahi kuiona mpaka akatoa machozi. Ukaisimulia Chepseon nzima.

Baba, nilikutukana, nawe ukaenda kunisifu.

Jana nilinunua simiti. Nilipanga kuita fundi aipige upya kabla ya Jumamosi, Mama asijue. Lakini nikajiuliza, nimpeleke Mama kuupapasa ukuta wa mtu mwingine, alie akidhani ni mkono wako? Tena yeye ndiye aliyekukorogea simiti miaka yote hiyo kabla hujapata msaidizi. Angejua tu. Na hata asingejua, mimi ningejua. Simiti nimeirudisha dukani.

Kwa hivyo nakuahidi hivi. Mama akifika, nitamketisha kwenye hii benchi yenye makovu ya tindo, na kabla hajauliza nitamwambia yote. Kwamba sikutoa machozi, nilitoa maneno. Kwamba yale uliyomwambia uliyatunga njiani, ndani ya gari la kurudi, ili asinichukie. Akilia nitalia naye. Akinisema, sitamjibu, hata kama ni mbele ya majirani.

Saisere, Baba, kwaheri. Lala salama. Asante kwa kunipigia plasta.

Binti yako,
Chebet