Koko Bado Yuko Njiani

Butembo, Jumapili baada ya misa

Kasereka mjukuu wangu,

Sisi wazima, viazi vya Lubero vimefika. Unauliza kutoka Beni kama nami nitasahau watu, tangu bibi yako, aliyesahau hata majina yetu, atutoke. Kweli, jana jina la jirani lilinipotea.

Utotoni, koko yangu, mama wa baba, aliniita kwa kufuata majina tunayopewa wavulana kwa zamu ya kuzaliwa, wa kwanza, wa pili, wa tatu: "Paluku! Kambale! Kasereka!"

"Koko, haujafika bado!" Mimi ni Kakule, wa nne.

"Ngoja, niko mu njia!"

Alicheka, akaendelea kutembelea watu hadi uzeeni. Dada yake aliona haya kukosea, akajifungia nyumbani. Huyo alisahau watu na kuacha kuongea mapema. Sijui kama ndiyo sababu, ila mimi bado ninaenda sokoni kuongea.

Nikianza na Paluku na Kambale, ungoje nikufikie. Unikumbuke.

Babu yako, Kakule