Jimi Hayumo

Mikumi,
3 Machi 2002

Mpendwa wifi Anastazia,

Shikamoo. Najua utasema mawifi hawaamkiani hivyo, wanataniana tu, lakini umenizidi miaka na mama alinifundisha adabu kwa mwiko. Hamjambo huko Kilosa? Kaka Damiano hajambo? Na kwaya yake je, bado anawafokea sauti ya pili? Mimi ni mzima, ila mafua na vumbi la malori.

Nina habari. Bonifas, yule kijana aliyekuwa akitafsiri picha kwenye banda la video la Mzee Kondo, amekwenda Dar na hajarudi. Basi Mzee Kondo akanifuata kwenye meza yangu ya chipsi. "Rebeka, wewe si ulimaliza kidato cha nne? Kiingereza unakijua?" Nikamwambia kukisoma nakisoma, kukisema ndiyo shughuli. Akasema, "Nani kakwambia ukiseme? Kisome, utuambie kwa Kiswahili." Sasa kila alasiri chipsi namwachia Yudith, mimi nashika maiki.

Picha yenyewe ni katuni ya Kijapani, imeandikwa Kiingereza kwa chini. Wasichana wa shule wanacheza mchezo wa vigae mezani, wanne wanne, kama vile bao na karata zimeoana zikazaa. Wakubwa wao ni wawili. Sumi, mwenye nywele fupi, mkali kama siki. Mwenzake ni mpole, anaitwa Hana. Jina hilo limenitesa, wifi! Siku ya kwanza nilisema, "Hana hana kigae," banda zima likacheka mpaka nikapotea mstari.

Walikuwa wakicheza pamoja tangu wadogo. Hana akahama bila kuaga, akaacha na mchezo. Sumi anaingia mashindano, mji kwa mji, ili siku moja amkute mezani. Hadithi ndiyo hiyo tu. Lakini mchoraji wake ana ugonjwa. Mtu akikaribia kushinda, picha inazama chini ya meza kutazama magoti. Madirisha yamefungwa, upepo unatoka wapi sijui, sketi zinapepea. Madereva wanapiga miluzi.

Halafu kuna Jimi. Bonifas aliwaambia watu kwamba Sumi na Hana wanagombea mvulana anayeitwa Jimi. Mbona haonekani? Yuko jeshini! Wifi, nimetazama CD zote tulizonazo. Jimi hayumo. Nilipojaribu kumwacha, watu walipiga kelele, "Jimi yuko wapi?" Nikasema amenyimwa likizo.

Nakutumia nakala za CD nne kwa kondakta wa basi, kwa kuwa mna deki sasa. Tazama uniambie, maana huku sina wa kubishana naye.

Wifi yako,
Rebeka


Kilosa,
20 Machi 2002

Wifi yangu Rebeka,

Marahaba, ingawa unanizeesha. Sisi hatujambo. Kaka yako yuko Tindiga anakusanya mpunga, wiki ijayo anaupeleka Dumila. Mafua yako yachemshie majani ya mchaichai, na uache kulala na dirisha wazi.

CD nimezipata. Nilizitazama hapa barazani huku nashona sare za shule, rafiki yangu Verdiana akinikatia nyuzi. Kiingereza changu ni cha kuomba maji, lakini wewe ulinipa njia, nikafuata nyuso. Siku ya tatu sikushona kitu. Walikuja na wateja wengine wawili, tukawa tunabishana kama wanaume na mpira.

Verdiana anasema hao ni kama dada na dada, mmoja kamkosea mwenzake. Mimi nasema Sumi anampenda Hana. Usinicheke. Sijui ni kupenda kwa namna gani, na naona hata aliyetunga hajui, au anajua na hataki kutamka. Lakini mtu hazunguki miji yote kumtafuta mtu wa kumfunga vigae tu.

Sasa nieleze jambo moja. Kwa nini msichana akimlilia msichana mwenzake ni lazima tumtafutie mwanaume wa kumlilia? Nilipoolewa na kaka yako nililia siku mbili. Watu walisema nalilia nyumbani. Nilikuwa namlilia Elizabeti, tuliyelala naye kitanda kimoja bwenini miaka minne, na hakuna aliyeniuliza.

Huyo Jimi mtoe. Na huyo mchoraji mwambie magoti tumeyaona, yanatosha.

Wifi yako,
Anastazia


Mikumi,
7 Aprili 2002

Mpendwa wifi,

Shikamoo. Mchaichai umefanya kazi. Huku mvua imeharibu barabara ya kwenda kwenu, ndiyo maana nimechelewa.

Nakubishia. Sumi hampendi Hana, anamheshimu. Hana ndiye mtu pekee aliyewahi kumshinda. Wewe hujui ladha ya kuwa na mpinzani anayekuweza. Ukishampata, wengine wote unawaona watoto. Hayo ni makubwa kuliko mapenzi, wifi, na ni adimu kuliko mapenzi.

Kuhusu magoti, mimi pia yalinichefua. Lakini fikiri. Wale madereva hawakuja kumtazama msichana anayewaza. Walikuja kwa magoti. Wakishakaa, wanamsikia Sumi akisema, "Nilijifunza kushinda ili unione." Wanalisikia wakati wamekuja kwa jingine! Ukiondoa magoti, nitawasomea viti vitupu. Nani mwingine katika Mikumi hii yote anawaambia wanaume habari za urafiki wa wasichana?

Nitakwambia na hili, maana nikikuficha wewe sina wa kumwambia. Kuna sehemu wasichana wako kwenye chemchemi ya maji ya moto, wanaoga. Hakuna maneno pale, mvuke tu na vifua. Banda lilinyamaza, wananitazama mimi. Nikasema, "Hapa hapahitaji tafsiri." Wifi, walipasuka! Walipiga viti. Nilijisikia mrefu kama nguzo ya simu. Baadaye nilipokuwa nakaanga viazi, sikujisikia vizuri sana. Lakini wakati ule ilikuwa tamu.

Wifi yako,
Rebeka


Kilosa,
21 Aprili 2002

Wifi yangu Rebeka,

Marahaba. Tu wazima. Mto Mkondoa umekula bustani ya jirani, kwetu haujafika.

Nimeifikiria hiyo chemchemi wiki nzima. Nilikuwa nimejiandaa kukugombeza, nikairudia kuitazama, na hasira ikaniponyoka. Kule kwetu Malolo wasichana tulikuwa tukioga mtoni, jumla. Tulisuguana migongo, tukachekana makovu, huyu kaanza kuota matiti, yule bado. Hakuna aliyeona aibu. Yale masaa, nadhani, ndiyo pekee niliyowahi kukaa ndani ya mwili wangu bila kuuchunga. Sasa Hana anapomwosha Sumi nywele pale majini, mimi naona mto wetu. Kuoga si ubaya. Ubaya ni kwamba mchoraji amejificha kwenye majani.

Na wewe, wifi, siku ile ulikaa naye kwenye majani. Ulisema maneno matatu tu, lakini uliyasema ukiwa upande wa huko.

Haya, nimemaliza. Kuhusu mpinzani, labda una haki. Labda kuna watu wanaopenda kwa kushindana, kama wewe unavyonipenda mimi kwa kubisha.

Wifi yako,
Anastazia


Mikumi,
9 Juni 2002

Kwako Anastazia,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi sijui nianzie wapi.

Nimekuandikia mara mbili mwezi Mei, hukujibu. Sasa naelewa kwa nini. Kaka Damiano alikuja hapa. Sikuwa na habari. Nilikuwa na maiki mkononi, nasoma maneno ya Sumi, nikaona mtu amesimama mlangoni mwanga uko nyuma yake, nikajua mabega. Alisubiri mpaka nikamaliza. Nje akaniambia, "Wewe ndiye wa hapa hapahitaji tafsiri?" Neno kwa neno, wifi. Halafu akasema, "Ukitaka kuwa dada yangu, rudi Kilosa. Ukitaka maiki, baki nayo, mimi sina dada Mikumi." Akapanda lori la mpunga. Chakula nilichomwekea alikiacha mezani.

Neno lile nilimwandikia mtu mmoja tu.

Nilikuwa nimekwisha acha utani huo. Barua yako ilinichoma, na kesho yake nilisimama nikasema, "Ndugu watazamaji, Jimi hayumo. Hajawahi kuwamo. Bonifas alimtunga." Ghasia! Wengine walitoka. Dereva mmoja, Stefano, akauliza, "Sasa kama si Jimi, huyu analia nini?" Nikamwambia, "Tazama." Wakatazama. Tangu siku hiyo, picha ikizama chini ya meza mimi nanyamaza, maiki naishusha, nangoja wasichana warudi. Watu wamepungua, ila waliobaki wanasikiliza.

Nilitaka kukuandikia hayo kwa furaha. Sasa nakuandikia hivi.

Rebeka


Kilosa,
30 Juni 2002

Wifi yangu,

Marahaba. Nasema wifi, hata kama wewe umelisahau neno hilo chini ya barua yako.

Sikumwambia. Alilisikia Dumila akiuza mpunga. Madereva wamelisambaza njia nzima. Mama wa nyanya akimimina fungu kubwa anasema, "Hapa hapahitaji tafsiri," watu wanacheka. Kaka yako naye alicheka, Rebeka. Alicheka na kurudia. Halafu ndipo mmoja akamwambia limetoka wapi: binti mmoja Mikumi, ana mwanya, anauza chipsi. Nadhani kilichomuumiza zaidi ni kwamba alikuwa amecheka.

Barua zako za Mei sikuziona. Alizirudisha posta. Hii ya Juni niliiwahi mwenyewe. Deki ameiuza. Akaniambia nisikuandikie mpaka urudi, nami nikatii, nikidhani hasira itapoa kama uji. Haikupoa. Nyumba imekuwa na ukimya ambao hata cherehani haiutoboi.

Hii naiandika kwa Verdiana. Nijibu kwake.

Wifi yako,
Anastazia


Mikumi,
28 Julai 2002

Mpendwa wifi,

Shikamoo. Nisamehe. Nilikuhukumu bila kukuuliza, na nilijua wewe si mtu wa hivyo hata wakati nakuhukumu.

Bonifas amerudi. Mzee Kondo alinijia kwa upole. "Binti yangu, wewe unasoma vizuri, lakini watu wanamtaka Jimi." Nikamwuliza kama naweza kubaki bila Jimi. Akasema hawezi. Nikamrudishia maiki. Sikulia pale.

Sasa niko na viazi vyangu, na spika iko juu ya paa, nasikia kila kitu. Juzi Bonifas alitangaza kwamba Jimi ameandika kutoka kambini. Watu wakashangilia. Nilikuwa namenya, kisu kikanikata.

Lakini Stefano alikuja akaagiza chipsi yai, akasimama tu. "Dada, mimi nauliza. Jimi yupo au hayupo?" Nikamwuliza yeye anaonaje. Akafikiri mpaka yai likaungua. Akasema, "Mimi naona yule wa nywele fupi hana mtu mwingine duniani." Akalipa, akaondoka na lori lake kwenda Tunduma.

CD ya mwisho imefika, Bonifas bado hajaionyesha. Mzee Kondo ameniruhusu niitazame Jumamosi asubuhi kabla ya banda kufunguliwa, nadhani kwa kunionea haya. Sijui kama nina moyo wa kuitazama peke yangu.

Kurudi Kilosa siwezi, si kwa sharti lile. Maiki sina tena, ningeweza kusema nimeacha. Lakini sikuacha kwa sababu yake, na sitaki adhani hivyo.

Wifi yako,
Rebeka


Kilosa,
1 Agosti 2002

Wifi,

Usiitazame. Hii nampa kondakta wa basi ikuwahi. Nakuja Jumamosi kwa basi la kwanza. Mwambie Mzee Kondo aningojee.

Kaka yako nimemwambia. Sikumwomba.

Wifi yako,
Anastazia


Kilosa,
8 Agosti 2002

Wifi yangu Rebeka,

Marahaba kabla hujaniamkia. Nilifika salama, nimechoka, mgongo umekuwa wa bibi. Asante kwa kuku. Asante kwa kunisomea taratibu, sisi wawili tu na viti vile vitupu, bila mtu wa kupiga mluzi.

Sijaridhika. Nimebishana nawe kichwani njiani mpaka kijiji cha Ulaya, halafu na mama mmoja niliyekaa naye kwenye basi, ambaye hajaiona picha yenyewe. Wewe unasema Hana alipoweka kigae cha mwisho kifudifudi alikuwa anamwachia Sumi ushindi. Mimi nasema alikuwa anaurefusha mchezo. Alijua wakimaliza watainuka, na wakiinuka kila mtu ana treni yake. Yule mama naye akasema, "Labda alikuwa anaogopa kukitazama." Hilo hatukulifikiria.

Na mchoraji, uliona? Mwishoni pale hakwenda chini ya meza hata mara moja. Alikaa kwenye mikono yao. Kumbe aliweza siku zote.

Sasa ya nyumbani. Nilimkuta kaka yako ameketi barazani kwenye kiti changu cha kushonea. Hakunisalimu. Akaniuliza, "Ulikwenda kutazama picha za uchi?" Nikamwambia, "Nilikwenda kumtazama dada yako." Nikaingia ndani, nikabandika maji. Nikamwambia kupitia dirishani kwamba maiki ulinyang'anywa kwa kukataa kusema uongo, na kwamba huna mpango wa kurudi. Wali ulipoiva akala, akanawa, akaomba maji mengine. Halafu akauliza, akitazama bilauri, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, kuhusu afya yako.

Nikamwambia mimi si posta. Kalamu ipo, na karatasi hii nimemwachia nafasi hapa chini. Akiandika, utaona. Asipoandika, nitaituma hivi hivi na nafasi yake wazi, ujue kwamba aliulizwa.

Wifi yako,
Anastazia


Umekonda?

Kaka yako,
Damiano