Robo Tatu ya Lita

Kisongo,
Jumatano

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea kupona, na kwamba dada Aikande hakuruhusu kutembea bila fimbo huko Moshi. Sisi nyumbani tu wazima. Mama anakusalimu, ndama wa juzi ananyonya vizuri. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningegeuza mazungumzo, na Jumatatu utasimama mbele ya ushirika wa maziwa kupendekeza magari yote yaondolewe kwa fundi Dinesh. Kabla ya hapo kuna jambo ni lazima ulijue. Wiki hii nimefika mara tatu kwenye geti la gereji yake huko Sokon I, nikarudi.

Unakumbuka Ijumaa ile, wiki mbili zilizopita, alivyotunusisha oili ya giaboksi yetu ya otomatiki: nyeusi, inanuka kuungua. Alisema gari linalopanda mlima kila wiki lisipitishe kilomita elfu sitini bila kubadilishwa oili hiyo, nasi tulikuwa tumefika tisini. Akamwaga, akasafisha sampo, lile bakuli la oili la chini, akabadilisha chujio, akajaza aina iliyoandikwa kwenye kijiti cha kupimia. Kisha akaacha injini ikiunguruma mpaka ikapata moto, akapitisha gia zote, ndipo akapima. Nilipouliza kwa nini haizimi injini kwanza, alinitania kwamba mwalimu wa fizikia kama mimi hupima hata mchuzi kwa rula. Akaitwa na mteja mwingine, na jibu likaishia hapo.

Jumapili gari likakataa kupanda mlima wa Ilkiding'a. Injini inavuma, magurudumu hayavuti, Mama kando yako ameng'ang'ania mlango. Dinesh alipopima kesho yake alikuta oili imepungua na hakuna mahali inapovuja. Ukamwita mwizi mbele ya wateja wake, ukasema miaka ishirini ya kumwamini imekwisha. Alijibu tu kwamba, Mzee, yeye alijaza. Halafu akanigeukia, akauliza kama kuna mtu nyumbani aliyeigusa oili. Nikasema hakuna.

Baba, niliigusa mimi. Jumamosi asubuhi, injini ikiwa imezimwa, nilipima nikakuta oili imepita alama. Nikahitimisha kwamba fundi amezidisha. Nilichukua bomba la kunyweshea ng'ombe dawa, nikaliunganisha na mpira mwembamba, nikafyonza mpaka oili ikashuka kwenye alama yenyewe. Nilijiona makini kuliko fundi. Sikujua kwamba injini ikizimwa oili hurudi chini ikaonekana nyingi. Ikiunguruma, sehemu yake huwa iko kazini, inazunguka ndani ya giaboksi. Hayo nimeyasoma baadaye. Aliponiuliza sikujua bado kosa langu liko wapi, lakini swali halikuwa hilo. Aliuliza nani ameigusa, na hilo nililijua.

Leo niliingia. Dinesh alinisikiliza bila kuacha kukaza nati, kisha akauliza kama nimekwisha kumwambia Mzee. Niliposema bado, akasema basi yeye hajasikia kitu.

Jumatatu nitakuja ushirikani niyaseme haya kwa mdomo wangu. Ila neno ulilomwita siwezi kumfutia mimi. Hilo, kwa heshima, nakuomba ulifute wewe.

Msalimie sana dada na watoto. Oili niliyofyonza sikuimwaga. Ipo kwenye chupa juu ya meza yako, robo tatu ya lita. Tarehe na kipimo nimeviandika kwa mwandiko wangu.

Binti yako,
Nashipae